Sifongo: Mazao ya Bahari na Somo kwa Miradi Yetu



Sifongo tunaisoma katika habari za msalaba (Mathayo 27:48), lakini huku Iyunga wengi wetu tunaoga kwa dodoki. Hivi ni vitu viwili tofauti. Dodoki ni tunda la mmea unaotambaa. Likikauka humenywa, mbegu zikakung'utwa, nyuzi zikabaki. Sifongo ya asili ni mnyama wa baharini asiyetembea, anayechuja chakula chake kutoka majini.

Huko Jambiani, Zanzibar, akina mama wengi walitegemea kilimo cha mwani. Maji ya bahari yalipozidi joto, mwani ulipata maradhi na mapato yakapungua. Mwaka 2009 shirika la marinecultures.org lilianza kujaribu ufugaji wa sifongo. Sifongo hukatwa vipande, vikatungwa kwenye kamba na kuning'inizwa majini. Kila kipande hukua bila kulishwa. Kazi ya mfugaji ni kusafisha kamba na kusubiri miezi mingi. Baada ya mavuno huoshwa mpaka zibaki nyuzi laini, ndipo huuzwa.

Tunajifunza kwamba mbegu ikipatikana shambani mwenyewe, gharama hupungua. Lakini uvumilivu na soko ni lazima.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Mbegu ya mradi wetu inatoka wapi ufadhili ukiisha?
2. Familia zitaishi kwa nini kabla ya mavuno ya kwanza?
3. Nani atanunua, na tumeshaongea naye?

Nyumbani, tuoshe dodoki au sifongo kila baada ya kuoga na kuianika ikauke.