Somo la Makatibu wa Matawi: Kuhamisha Video Kutoka Kwenye Kamera Bila Kuipoteza



Makatibu kadhaa wa matawi wameuliza juu ya video za mikutano zinazogoma kuhamia kwenye kompyuta, au zinazofika nusu. Somo hili ni kwa ajili yao, na kwa mfanyakazi yeyote aliyepewa na tawi lake dhamana ya kutunza kamera. Hatutaanza na mitambo. Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Jinja.

Mwezi wa Agosti 2014 tulikutana na wakuu wa kiwanda kimoja juu ya mashine tatu ambazo mikanda yake haikuwa na kinga. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kupoteza vidole viwili. Pande zote mbili zilikubali kikao kirekodiwe, nacho kilichukua dakika 41. Mwishoni kabisa, watu wakiwa wanatazama saa zao, meneja alisema kwamba kinga zitafungwa kabla ya mwisho wa Septemba, hapa Jinja na pia katika kiwanda chao cha Mbale. Kitabu cha kumbukumbu kiliandika tu kwamba uongozi utalishughulikia jambo hilo. Lugha hiyo tunaijua sote.

Nilinakili video kwenye flashi, nikamkabidhi ndugu aliyekuwa akipanda matatu kwenda Mbale, nikalala usingizi wangu. Siku mbili baadaye simu ikalia. Wenzetu wa Mbale walikuwa wamewakusanya wanachama, wakaonyesha video, ikakatika mtu akiwa katikati ya sentensi. Ilikuwa ya dakika 33. Ahadi ya meneja haikuwamo. Nilipoikimbilia kamera, nikakuta imekwisha kuazimwa kwa arusi ya mwanachama kule Bugembe, na kadi imesafishwa ili kupata nafasi.

Sasa tuangalie kosa lilikuwa wapi, maana halikuwa la kamera.

Kadi nyingi za gigabaiti 32 kwenda chini hupangwa kwa utaratibu uitwao FAT32. Katika utaratibu huo faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani gigabaiti 4 kasoro baiti moja, kwa sababu nafasi ya kuandikia ukubwa wa faili imekwisha hapo. Fikiria daftari la mizani ya miwa lenye nafasi ya tarakimu tatu tu. Mzigo wa kilo 999 huandikika, wa kilo 1,000 hauna pa kuandikwa. Karani mwerevu ataugawa mzigo na kuupima mara mbili. Kamera nayo hufanya vivyo hivyo: faili la kwanza likijaa, hufungua la pili na kuendelea kurekodi bila kukuambia.

Kamera yetu ilirekodi megabiti 17 kila sekunde. Piga hesabu utaona kwamba gigabaiti 4 hujaa kwa dakika 33 hivi. Dakika 8 zilizobaki zilikuwa katika faili la pili, lenye namba inayofuata, na mimi sikulichukua. Lililonidanganya ni kwamba nilipoitazama video katika kioo cha kamera ilikwenda moja kwa moja hadi mwisho, kwa sababu kamera yenyewe huyaunganisha mafaili wakati wa kuonyesha. Kompyuta haifanyi hivyo.

Kwa hiyo usichague faili mojamoja. Chukua folda nzima. Katika kamera za aina ya AVCHD, mpango uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006, video hukaa ndani ya folda iitwayo PRIVATE, kisha AVCHD, kisha BDMV, kisha STREAM, na mafaili yake huishia kwa herufi MTS. Nakili PRIVATE yote kama ilivyo. Katika kamera nyingine nyingi folda ya kutafuta ni DCIM. Ukiiacha hata moja kati ya hizo kwa kudhani ni takataka, unaweza kuacha kikao kizima.

Kuna tatizo la upande wa pili ambalo huwatatiza hata mafundi wa mjini. Kadi za zaidi ya gigabaiti 32 hupangwa kwa exFAT, ambayo huruhusu faili kubwa kupita gigabaiti 4. Ukijaribu kulihamishia faili hilo kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT32, kompyuta itakataa na kusema faili ni kubwa mno, ijapokuwa flashi ni tupu. Usiilaumu flashi wala usinunue nyingine. Toa kwanza kila kilichomo, kisha uipange upya kwa exFAT. Kompyuta za zamani zenye Windows XP huenda zisiisome mpaka ziongezewe programu yake.

Kompyuta isipoiona kamera kabisa, anza na waya. Waya nyingi za sokoni hupitisha umeme wa kuchaji tu, hazipitishi habari. Jaribu waya nyingine na tundu jingine, na uangalie kama kamera inakuuliza jambo kwenye kioo chake. Lililo rahisi zaidi ni kutoa kadi na kuitia katika kisoma-kadi. Kisoma-kadi cha zamani kinaweza kushindwa kusoma kadi kubwa, na hapo kompyuta itadai kwamba kadi lazima ipangwe upya kabla ya kutumika. Kataa. Ukikubali, umefuta kazi yako kwa mkono wako mwenyewe.

Kabla ya kuitia kadi katika kompyuta ya dukani au ya studio, sukuma chini kile kitufe kidogo kilicho ubavuni mwake. Kadi iliyofungwa hivyo husomwa lakini kwa kawaida haiandikwi, na virusi vya kompyuta za watu wengi hukosa njia.

Umeme nao. Tunaishi kando ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, siku hizi laitwa Nalubaale, na bado taa huzimika. Kwa kasi ya megabaiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 4 zinahitaji kama dakika 14. Kwa hiyo betri ya kamera iwe imejaa, na siku zote nakili, usihamishe kwa kukata. Ukikata na umeme ukapotea katikati, waweza kukosa huku na huku.

Kazi ikiisha, linganisha idadi ya baiti kwenye kadi na kwenye kompyuta, faili kwa faili, kisha fungua faili la mwisho utazame dakika yake ya mwisho. Ukisikia sauti bila picha, mara nyingi video haijaharibika. Kompyuta haina programu ya kuifasiri, na VLC, ambayo hutolewa bure, huweza kuifungua. Kadi isisafishwe wala kuazimwa mpaka nakala mbili ziwe mahali pawili tofauti.

Na ile kadi ya arusi? Fundi mmoja alitueleza kwamba kusafisha kadi ndani ya kamera mara nyingi hufuta orodha tu. Video zenyewe hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Tukaacha mara moja kuitumia. Mwenye arusi alikuwa amerekodi dakika 20 tu, nazo zilikuwa zimeangukia mwanzo wa kadi, juu ya faili letu la kwanza ambalo tayari tulikuwa nalo. Kwa programu ya bure iitwayo PhotoRec, fundi alilipata faili la pili likiwa zima, akaliweka kwenye kompyuta na si kwenye kadi ileile.

Safari hii sikumpa mtu flashi. Nilipanda matatu mwenyewe, nikapita Iganga na Tirinyi hadi Mbale, na dakika 8 zile zikaonyeshwa mbele ya wanachama siku ya Jumapili. Meneja alipoonyeshwa maneno yake mwenyewe wiki iliyofuata, aliomba apewe nakala. Tulimpa, mafaili yote mawili.