Ukurasa wa Sayansi: Msawazo wa Kikemia, Nishati na Betri



Wapenzi wanafunzi, pamoja na wazazi wetu, mwaka huu tumeamua kuzungumzia mada ambayo vijana wetu wengi wa kidato cha tano na cha sita huikimbia, nayo ni msawazo wa kikemia. Sababu ya kuikimbia tunaijua. Mwanafunzi hufundishwa msawazo muhula mmoja, nishati muhula mwingine, na betri mwishoni, naye akadhani hizo ni mada tatu zisizojuana. Hukariri kanuni tatu, na siku ya mtihani zinamchanganya. Lengo letu hapa ni kuonyesha kwamba zote tatu zinajibu swali moja: mmenyuko unaelekea wapi, na utaishia wapi?

MSAWAZO NI NINI?

Tuchukue chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Ndani yake mna gesi ya kaboni dayoksaidi. Sehemu yake imeyeyuka ndani ya soda, na sehemu nyingine iko juu, chini ya kizibo. Ukiitazama utasema imetulia. Kumbe haikutulia! Kila nukta chembe za gesi zinatoka kwenye soda kwenda juu, na nyingine zinarudi chini. Kwa kuwa zinazotoka ni sawa na zinazorudi, jicho halioni mabadiliko yoyote. Ni kama ukumbi ambao kila anapotoka mtu mmoja anaingia mwingine: idadi haibadiliki, lakini watu ni wengine. Hali hii ndiyo tunayoiita msawazo.

Hapa wengi hukosea. Husema kwamba kwenye msawazo vitu vya pande mbili huwa sawa kwa kiasi. Si kweli. Kilicho sawa ni kasi ya kwenda na kasi ya kurudi. Kiasi chaweza kuwa kingi mno upande mmoja. Kanuni yake ilianza kuwekwa mwaka 1864 na wanasayansi wawili wa Norwei, Guldberg na Waage. Leo kiasi hicho tunakieleza kwa namba K. K ikiwa kubwa, vitu vilivyozalishwa ni vingi. Ikiwa ndogo, mmenyuko umesonga kidogo tu. Namba hii haibadiliki mpaka halijoto ibadilike.

MSAWAZO UKISUMBULIWA

Mwaka 1884 Mfaransa Le Chatelier alieleza kwamba msawazo ukisumbuliwa, husogea upande unaopunguza usumbufu ule. Ukifungua soda, shinikizo la juu hupungua, na gesi hutoka kwa wingi kwenda kujaza pengo. Ndiyo povu tunaloliona.

Kanuni hii si ya mtihani tu, inahusu uhai wetu. Ndani ya damu mna hemoglobini inayobeba oksijeni, na kushikana kwao ni msawazo. Jiko la mkaa linapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, inausogeza msawazo na kuiondoa oksijeni mahali pake. Mtu hulala asiamke.

Na tiba yake nayo ni msawazo. Hospitali humpa mgonjwa oksijeni tupu, ili wingi wake uusukume mmenyuko urudi nyuma. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi ile huchukua kama saa 4 hadi 5 kutoka katika damu. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hupungua hadi kiasi cha saa moja au moja na nusu. Basi wazazi na wanafunzi, tusilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama mkaa umekolea na hauna moshi. Tukimkuta mtu amezidiwa, tumtoe nje kwenye hewa safi na tumkimbize hospitali.

NISHATI INAINGIA WAPI?

Sasa tuulize: nani anaamua K iwe kubwa au ndogo? Jibu liko katika elimu ya nishati, yaani themodinamiki. Kila mmenyuko una mambo mawili: joto linalotolewa au kuchukuliwa (ΔH), na kiwango cha kutawanyika kwa chembe na nishati, yaani entropia (ΔS). Mawili haya yanaunganishwa kupata nishati huru:

ΔG = ΔH − TΔS

Tuchukue mfano wa amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea ya urea inayotumika mashambani. Naitrojeni na haidrojeni huungana hivi: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃. Mmenyuko huu hutoa joto la kilojuli 92. Lakini molekuli 4 zinakuwa 2, kwa hiyo kutawanyika kunapungua: ΔS ni −0.198 kilojuli kwa Kelvini. Katika Kelvini 298 (nyuzi 25 za Selsiasi) tunapata:

−92 + (298 × 0.198) = −92 + 59 = −33

Hasi maana yake K ni kubwa, amonia inapendelewa. Katika Kelvini 723 (nyuzi 450), tukichukulia kwamba ΔH na ΔS hazikubadilika sana:

−92 + 143 = +51

Chanya, K imekuwa ndogo. Mbona basi viwanda hutumia joto kali? Kwa sababu kwenye baridi mmenyuko ni wa polepole mno. Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch walitatua tatizo hilo kwa kichocheo na shinikizo kubwa, huku amonia ikiondolewa kila inapopatikana. Kiwanda cha kwanza kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913.

Mwanafunzi ashike jambo hili: ΔG° hutupa K kwa kanuni ΔG° = −RT ln K. Ama ΔG yenyewe hutuambia mmenyuko unaelekea wapi hivi sasa, na ikifika sifuri, tumefika kwenye msawazo.

BETRI NAYO?

Mwaka 1836 Mwingereza Daniell alitengeneza betri ya zinki na shaba. Zinki huachia elektroni, zikapita kwenye waya na kupokewa na ayoni za shaba. Volti yake ni 1.10. Nishati huru na volti ni ndugu:

ΔG° = −nFE° = −2 × 96,500 × 1.10 = −212,300 juli

Tukiitia namba hii katika kanuni ya K, tunapata K ya takriban 10³⁷, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 37! Mmenyuko huu uko mbali mno na msawazo wake, na umbali huo ndio unaotupa umeme. Kadiri betri inavyotumika, ayoni za shaba hupungua na za zinki huongezeka, na volti hushuka. Kanuni ya kuihesabu aliitoa Nernst mwaka 1889. Mmenyuko ukifika kwenye msawazo, ΔG ni sifuri na volti ni sifuri. Na tunapochaji betri ya gari au ya simu, tunatumia umeme wa nje kuusukuma mmenyuko urudi nyuma, mbali na msawazo.

Kwa ufupi, K, ΔG na volti ni lugha tatu za habari moja. Ukiijua moja, unaweza kuzipata nyingine mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini soda yenye joto hutoa povu jingi kuliko ya baridi?
2. Je, kichocheo hubadilisha K, au kasi tu?
3. Katika betri ya Daniell, tukiongeza ayoni za shaba, volti itapanda au itashuka?

Jadilianeni majibu na wenzenu, kisha muyapeleke kwa walimu wenu wa kemia. Wala msione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Wabillahi tawfiq.