Fyuzi Ikiungua, Tafuta Sababu Kwanza

Katika somo hili tutajifunza juu ya kitu kidogo ambacho kimewalaza wengi wetu njiani: fyuzi ya gari. Hapa Sori gari nyingi zinazobeba mbuta na omena kwenda Migori na Homa Bay ni za miaka mingi. Pikapu ikipoteza taa usiku, barafu inayeyuka na samaki wanaharibika. Dereva akilazimisha kwenda gizani, anaweza kugonga mtu anayetembea kando ya barabara. Na fyuzi ikitengenezwa kienyeji, gari yenyewe inaweza kushika moto. Kwa hivyo somo hili si la mafundi peke yao.

Fyuzi ni nini?

Ni kipande cha waya kilichofanywa kiwe dhaifu kuliko waya nyingine za gari. Umeme ukizidi, kinayeyuka na kukata njia kabla waya nyingine hazijapata moto. Ni kama askari wa mlangoni. Akiangushwa, tunauliza kwanza ni nani amemwangusha, ndipo tuweke mwingine.

Gari za zamani sana zina fyuzi za kioo zilizo kama kijiti. Zilizofuata zina fyuzi za plastiki zenye miguu miwili bapa. Hizi za plastiki zina rangi kulingana na nguvu: ampea 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe, 30 kijani. Namba imeandikwa juu yake pia.

Tufanye hesabu kidogo. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata kama ampea 9. Zikitumia fyuzi moja, ya ampea 15 inatosha. Ukiweka ya 30, waya utachemka na fyuzi itakuwa inakutazama tu.

Namna ya kutafuta na kubadilisha

1. Angalia ni nini kimekufa. Taa moja ikizima, mara nyingi ni balbu. Honi, waipa na indiketa zikifa pamoja, shuku fyuzi.

2. Zima gari, toa ufunguo. Tafuta sanduku la fyuzi chini ya dashibodi karibu na magoti ya dereva, au ndani ya boneti karibu na betri. Kifuniko huonyesha kila fyuzi ni ya nini. Gari zilizotumika Japani zinaweza kuwa na maandishi ya Kijapani. Hapo mwombe fundi akusomee mara moja, uandike kwa karatasi na kuiweka ndani ya gari.

3. Chomoa fyuzi polepole kwa kibanio chake au kwa vidole. Iangalie kwenye mwanga. Ikiwa kiwaya kimekatika au plastiki imekuwa nyeusi, imeungua.

4. Kama huna uhakika, tumia taa ya kupimia. Rudisha fyuzi, washa swichi, funga waya mmoja wa taa hiyo kwenye chuma cha bodi, halafu gusa pande zote mbili za fyuzi. Ikiwaka pande zote, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka popote, umeme haufiki hapo.

5. Zima tena, weka fyuzi mpya ya namba ileile. Ukiona kutu kwenye sanduku, isugue kwanza. Gari zinazobeba barafu na samaki hupata unyevu mwingi.

Ikiungua tena

Usiweke ya tatu. Kuna shoti mahali. Angalia waya zinapopita kwenye matundu ya bodi, maana mtikisiko wa barabara mbaya huchuna ngozi yake. Angalia taa za nyuma zilizoingia maji, na radio iliyounganishwa haraka haraka.

Kuna njia rahisi ya kuipata. Chomoa balbu na vyombo vyote vinavyotumia fyuzi hiyo. Badala ya fyuzi, unganisha taa ya kupimia kwenye nafasi yake, kisha washa swichi. Ikiwaka sana, shoti bado iko. Sasa tikisa waya kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu. Pale taa itakapozima, umefika karibu na mahali penye ubaya. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, ndipo ufunge waya huo vizuri kwa tepu ya umeme.

Yasiyofaa kabisa

Usizibe nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya sigara, msumari wala waya. Gari itawaka taa leo, na kesho itawaka yote. Fyuzi kubwa zilizofungwa kwa skrubu karibu na betri mwachie fundi wa umeme.

Kila dereva aweke kwenye gari fyuzi mbili za kila namba, taa ya kupimia, na tochi. Akiba haiozi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini fyuzi ya ampea 30 ni hatari mahali pa 15?
2. Taa ya kupimia ikiwaka upande mmoja tu wa fyuzi, inatuambia nini?
3. Gari za kikundi chetu zina akiba ya fyuzi? Nani ataikagua kila mwezi?