Msaidie Mwenzako Kushinda Hofu

Huenda tangu ajali ile mwenzako akiona matatu hutetemeka. Usimcheke, wala usimlazimishe kupanda. Hofu ya namna hiyo hutibika, lakini polepole.

Mwaka 1924 huko Marekani, Mary Cover Jones alieleza alivyomtibu mtoto Peter aliyeogopa sungura. Mtoto alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo, mpaka akamshika bila woga. Katika kitabu chake cha mwaka 1958, Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alieleza njia ya jinsi hiyo kwa watu wazima. Mgonjwa hujifunza kulegeza mwili, hupanga hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha huziwaza moja moja akiwa ametulia.

Nanyi anzeni kwa madogo. Leo kaeni stejini mkitazama magari tu. Akizoea, ingieni gari lililosimama. Halafu safirini kituo kimoja. Hofu ikizidi, rudini hatua moja nyuma. Asipopata nafuu, mwoneni daktari au mshauri.

Mliahidiana kuwa pamoja katika taabu na raha. Hofu nayo ni taabu.