Karatasi ya mbuzi: namna ninavyoipima shule ndogo ya msingi

Mara ya kwanza nilikosea, na nilikosea nikiwa na simu mkononi. Dada yangu alipiga kutoka Mwanza kusema mwanawe anakuja kukaa na bibi yake Nassa, anaanza darasa la kwanza Januari, kwa hiyo mjomba mtu atafute shule. Mimi ndiye msomi wa familia, au ndivyo ninavyojiona. Nikaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, nikafungua mkoa wa Simiyu, nikashuka hadi Busega, nikalinganisha wastani wa darasa la saba wa shule ambazo mtoto angeweza kuzifikia kwa miguu. Iliyoongoza ndiyo nikaichukua. Kazi ya dakika kumi.

Mwaka na nusu baadaye mtoto alikuwa anasoma kitabu chake cha Kiswahili kwa sauti kama mchungaji wa kanisa, ukurasa baada ya ukurasa, macho yakiwa kwa kuku waliokuwa wanapekua uani. Nikaweka kiganja juu ya picha. Akanyamaza. Nikamfungulia ukurasa mwingine, picha nimeifunika vilevile. Kimya. Alikuwa amekariri kitabu kizima, na hakuna mtu shuleni aliyekuwa amegundua.

Kwa asiyetujua: Nassa iko kando ya ziwa, kwenye Ghuba ya Speke. Mpaka 2012 tulikuwa watu wa Magu, mkoa wa Mwanza. Sasa tuko Busega na mambo ya mkoa yanatupeleka Bariadi, ingawa wazee wakijaza fomu bado mkono unaandika Magu. Elimu si mgeni hapa. Africa Inland Mission walipokea kituo cha misheni cha Nassa kutoka kwa wenzao wa CMS mwaka 1909, na kanisa la AIC nchini linahesabu mwanzo wake kutoka kwetu. Lakini shule ninazozizungumzia ni zile ndogo za serikali: walimu watano au sita kwa madarasa yote kuanzia awali hadi la saba, na rimu ya gari inayoning'inia mtini ndiyo kengele.

Nianze na wastani, maana ndiko nilikoanguka. Mtihani wa la saba niliouangalia ulikuwa na masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Chukua shule yenye watahiniwa 12. Mtoto mmoja tu ambaye angepata 60 akikosa kufanya mtihani na nafasi yake akaichukua mwenye 240, wastani wa shule unapanda kwa alama 15. Kwenye shule ya watahiniwa 120 badiliko hilohilo ni alama moja na nusu. Yaani shule ndogo inaweza kuonekana ya kwanza mwaka huu na ya mwisho mwakani bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote. NECTA wenyewe walilijua hilo. Kwa miaka walipanga nafasi za shule kwa makundi mawili, zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 au zaidi. Mimi nikasoma namba bila kusoma kundi.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu halihusu wastani kabisa. Nauliza: hawa wa la saba, walipoandikishwa la kwanza walikuwa wangapi? Katika ile shule niliyochagua kwa simu, walioandikishwa walikuwa zaidi ya mara tatu ya waliokalia mtihani. Tusihukumu haraka. Huku kwetu wapo wanaohama na wazazi wao wavuvi kufuata dagaa, wapo wanaorudia darasa la nne baada ya mtihani wa taifa kuwakwamisha, na hao si kosa la mwalimu. Lakini wapo pia walioanza kukosa siku moja kwa wiki, kisha mbili, kisha ukawaona machungani na ng'ombe, na jina lao likabaki kwenye rejista likiwekewa alama ya mtoro hadi kalamu ikachoka. Wastani mzuri niliousifia ulikuwa wastani wa waliobaki. Mwalimu mkuu anayeweza kukuambia, jina kwa jina, nani yuko wapi, huyo nampa alama kabla sijaona darasa hata moja.

Siku ya kwenda nayo ina maana. Ukienda Jumanne asubuhi ya Februari kila shule ni nzuri. Nenda siku ya mnada, au Ijumaa baada ya mapumziko ya saa nne, au katikati ya msimu wa kuchuma pamba, mikono ya watoto inapotafutwa na kila mtu. Fika ofisini kwanza, salimia, saini kitabu cha wageni, sema umekuja kama mzazi. Sisi si wathibiti ubora, na ukijifanya mkaguzi utaonyeshwa kile wanachoonyeshwa wakaguzi. Halafu kaa chini ya mti uhesabu madarasa yenye mwalimu ndani. Walimu watano kwa madarasa manane, ukihesabu na awali, haiwezekani yote yawe na mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo darasa lisilo na mwalimu peke yake halinishtui. Naangalia watoto wanafanya nini wakiwa peke yao. Kuna shule moja nilikuta la tano wametulia, hesabu ziko ubaoni, kiranja anasahihisha, na mwalimu wao yuko chumba cha pili na la nne. Kuna nyingine walimu watatu walikuwa ofisini wanakunywa chai na madarasa matano yanaimba.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Muulize mwalimu mkuu: nani anafundisha la kwanza na la pili? Kwa sababu mitihani ya taifa iko la nne na la saba, mwalimu mwenye mkono mzuri husukumiwa huko, na watoto wadogo wanaachiwa anayejitolea, au anayekaribia kustaafu, au yule ambaye hakuna anayemtaka kwingine. Mkoa wetu ulijijengea jina kwa kambi za kitaaluma wakati Anthony Mtaka akiwa Mkuu wa Mkoa, na sizibezi. Kuna watoto wa jirani zangu waliovuka kwa sababu ya kambi. Ila kambi ni ya madarasa ya mitihani. Mtoto wa la pili hana kambi, na asiyejua kusoma akiwa la pili hafiki kwenye hiyo kambi. Serikali ilibadilisha mtaala wa la kwanza na la pili mwaka 2015 ili muda mwingi uende kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ule uliandikwa vizuri. Nataka kujua nani amepewa chaki.

Ndipo inapoingia karatasi ya mbuzi. Wazo si langu; watu wa shirika la Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Nimeliiga kienyeji. Nina karatasi niliyoandika kwa mkono, herufi kubwa: *Mbuzi wa bibi amekula kamba. Bibi amekasirika. Mbuzi amekimbilia ziwani.* Haimo kwenye kitabu chochote, kwa hiyo hakuna aliyeikariri. Namwomba mwalimu ruhusa, na namwomba asiniletee mtoto. Nachagua mwenyewe, watatu wa darasa la tatu, kutoka dawati la nyuma. Anayeletwa na mwalimu atasoma tu. Namtaka yule anayejificha nyuma ya mwenzake, maana shule iliyomfikisha yule imewafikisha na wa mbele.

Akishasoma nauliza: kwa nini bibi amekasirika? Hapa nimejifunza kitu. Katika shule moja msichana alisoma mistari yote bila kukwama, kisha swali likamshinda. Nikarudia kwa Kisukuma. Uso ukafunguka: "Mbuli!" akasema, na akanieleza habari yote ya kamba, akaongeza na ya mbuzi wa kwao. Alikuwa anajua kutamka herufi, Kiswahili chenyewe ndicho kilikuwa bado kigeni. Watoto wetu wengi wanaingia shule wakiwa na Kisukuma peke yake, na shule ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Mwalimu aliyetoka Kilimanjaro au Tanga na kupangiwa huku hana kosa. Lakini mwangalie anafanyaje. Anayeshika mbuzi wa kuchora, akasema neno kwa Kisukuma alichojifunza sokoni, kisha akalirudisha kwa Kiswahili mpaka darasa zima likalishika, huyo mng'ang'anie. Anayechapa mtoto kwa kuongea Kisukuma, ondoka.

Baada ya karatasi, madaftari. Naomba la Hisabati na la Kiswahili la mtoto yuleyule wa nyuma. Naangalia tarehe: kuna kazi ngapi kwa wiki? Kisha vema na kosa. Daftari lenye vema jekundu kila mstari, hata palipoandikwa 7 + 5 = 11, limesahihishwa na mtu aliyekuwa anawaza mambo mengine. Napenda kuona kosa, chini yake masahihisho ya mtoto, kisha saini ya mwalimu tena. Ukikuta hivyo kwenye daftari la mwezi wa tatu na la mwezi wa tisa, umekwishapata nusu ya jibu lako.

Majengo? Nayatazama haraka. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikienda kwenye vitabu na 6,000 kufika shuleni. Shule ya watoto 180 inapata 1,080,000, yaani 90,000 kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, michezo na bati linalovuja. Bati la shule ndogo halivuji kidogo kwa sababu watoto ni wachache. Basi ukuta wenye ufa sitaulaumu. Nitaangalia ubao wa matangazo kama hizo fedha zimebandikwa na za mwezi gani, na nitauliza mjumbe wa kamati ya shule kama aliwahi kuziona kabla hazijatumika.

Choo ni jambo jingine. Kiwango kinasema tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabu mwenyewe. Kisha sukuma mlango wa choo cha wasichana uone kama una komeo kwa ndani. Mwalimu mkuu wa kiume asiyejua kama lipo au halipo, mimi huwa namjua vya kutosha. Na uliza watoto wanakula nini mchana. Wengi watakuonyesha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni. Palipo na uji, wazazi wa hapo wanaongea na walimu wao, maana mahindi na kuni havikutoka serikalini.

Mpwa wangu nilimhamisha. Shule aliyoko sasa ina wastani wa kawaida kabisa, ufa ukutani unaoingiza kidole, na mwalimu wa la kwanza na la pili ambaye ni mama wa makamo mwenye sauti ndogo na daftari lake la majina ya wasiojua kusoma, anayelifuta jina moja moja. Ilimchukua muhula mmoja na nusu kulifuta la kwetu. Juzi bibi alimwomba mtoto amsomee tangazo la chama cha ushirika kuhusu malipo ya pamba. Akasoma, kisha akauliza kwa nini bei ya kilo waliyoandika siyo ile bibi aliyoisema. Bibi akaniita mimi.

Mwalimu yule amepata uhamisho, anamfuata mume wake Maswa. Hakuna aliyeniambia nani atashika la kwanza na la pili. Julai shule zikifunguliwa nitakwenda siku ya mnada, nikiwa na karatasi mpya. Hii ya mbuzi wameshaizoea.