Maumivu ya Kisigino

Mtu akiamka asubuhi na kukanyaga chini, huenda akahisi kama amechomwa mwiba kisiginoni. Akitazama, mwiba hauonekani. Basi asichokoe mguu kwa sindano wala wembe, maana atajitia jeraha bure. Chini ya wayo mna ukanda imara wa kano, utokao kisiginoni hata vidoleni. Ukanda huo huumia kwa kusimama kutwa juu ya saruji, kwa uzito wa mwili, au kwa viatu vilivyokwisha soli. Wachukuzi, walimu na askari, ambao riziki yao hutegemea miguu, huupata mara nyingi.

Dawa ya kwanza haina gharama. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kwa mkono kuelekea kwenye muundi. Hesabu mpaka 10, kisha legeza. Fanya hivyo mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kadhalika viringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo. Vaa viatu vyenye soli nene na laini, wala usitembee pekupeku juu ya saruji.

Yataka subira: wengi hupona kabla ya miezi 12 kupita. Lakini mguu ukivimba au ukifa ganzi, au ukishikwa na homa, au ikiwa una ugonjwa wa kisukari, usikawie kumwona daktari.