SOMO LA WIKI: Kuchagua programu ya kufikia kompyuta ya dukani

Mfanyabiashara anayetunza hesabu zake ndani ya kompyuta ya dukani anaweza kuzifungua akiwa nyumbani au safarini, mradi kompyuta hiyo inawaka na ina intaneti. Kinachotakiwa ni programu ya kuunganisha kompyuta kwa mbali. Zipo nyingi, na baadhi ni za bure. Hata hivyo, uchaguzi mbaya unaweza kumpa mwizi ufunguo wa hesabu zote.

Kwanza, iangaliwe kompyuta inayofikiwa, si ile inayotumika kuifikia. Windows ya daraja la Pro inaweza kupokea muunganisho wa RDP. Ya Home haiwezi. Inaweza tu kuingia katika nyingine. Mwenye Home dukani atahitaji programu kama AnyDesk, TeamViewer, RustDesk au Chrome Remote Desktop. Anayetumia Linux nyumbani anaweza kutumia Remmina, ambayo huunganisha kwa RDP na VNC.

Pili ni leseni. TeamViewer na AnyDesk ni za bure kwa matumizi binafsi tu. Duka ni biashara, na anayetumia toleo la bure huweza kukatiwa muunganisho katikati ya kazi. Ada ya leseni iingizwe katika gharama za mwaka kama kodi ya pango.

Tatu ni uhai wa programu. Programu ya Remote Desktop iliyopatikana katika duka la mtandaoni la Microsoft ilisitishwa tarehe 27 Mei 2025. Remote Desktop Connection, ya siku nyingi na iliyomo ndani ya Windows, haikuguswa na uamuzi huo.

Nne, na kubwa zaidi, ni usalama. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ingemwezesha mvamizi kuingia katika Windows za zamani kupitia RDP bila neno la siri. Kwa hiyo mlango namba 3389, unaotumiwa na RDP, usiachwe wazi kwenye intaneti. Upitiwe kwa VPN. Aidha, neno la siri liwe refu, na namba ya kuunganisha asipewe mtu yeyote anayepiga simu akijiita fundi.

Kwa kifupi, mwenye Pro aanze na RDP ndani ya VPN. Mwenye Home alinganishe kwanza ada ya leseni na bei ya kupanda daraja hadi Pro, ndipo afungue mkoba.